Ubao wa mradi useme ukweli wa leo

Katika miaka yangu ya kuratibu miradi ya programu za kompyuta, kosa linaloniuma mpaka leo lilitokana na kadi moja tu kwenye ubao wa mradi, yaani ukurasa wa kompyuta ambako kila kazi ina kadi yake inayoeleza inahitaji nini na imefikia wapi. Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa kusajili wanafunzi na kupokea ada zao. Jioni moja mteja alinipigia simu akasema wameamua wanafunzi waruhusiwe kulipa kwa awamu tatu, si mara moja kama tulivyokubaliana mwanzo. Nikasema sawa. Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp, wawili wakajibu kwa alama ya dole gumba, nami nikalala nikiamini ujumbe umefika.

Mwenzetu aliyekuwa akitengeneza stakabadhi hakuwa mtandaoni jioni ile. Kesho yake alipofungua simu, ujumbe wangu ulikuwa umefunikwa na mingine zaidi ya hamsini. Akafungua kadi yake kwenye ubao wa mradi, akakuta imeandikwa malipo ni mara moja, stakabadhi moja kwa kila mwanafunzi. Akajenga hivyo kwa siku 11, kwa uangalifu mkubwa. Karibu yote yalibomolewa.

Yeye hakukosea. Aliuamini ubao, na kadi ile ilikuwa jukumu langu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naongeza kwamba daftari lenye habari za juzi hupoteza mali hata kuliko kutokuwa na daftari, kwa sababu watu huliamini. Yafuatayo ndiyo ninayofanya tangu siku ile.

Amueni neno linahesabika likiandikwa wapi

Kundi la watu 9 lina jozi 36 za watu wanaoweza kuzungumza wawili wawili. Ongeza watu 3 tu, jozi zinafika 66. Hesabu yake ni nyepesi: idadi ya watu, mara idadi hiyo ukitoa mmoja, gawanya kwa 2. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi OS/360 pale kampuni ya kompyuta ya IBM miaka ya 1960, alionya mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, na ongezeko hili la mawasiliano lilikuwa miongoni mwa sababu alizozitaja. Hakuna mratibu anayeweza kufuatilia mazungumzo 66. Anachoweza ni kuhakikisha yote yanamwagika mahali pamoja.

Kwetu kanuni ni hii: zungumza popote, amua popote, lakini uamuzi haujawa uamuzi mpaka uandikwe kwenye kadi ya kazi inayohusika. Simu, barua pepe, kikao, WhatsApp, vyote vinaruhusiwa. Sijawahi kumkataza mtu kupiga simu, maana simu ya dakika tatu hutatua jambo ambalo maandishi yangelivuruga siku nzima. Ila aliyepiga simu ndiye anayeandika matokeo kabla hajashika kazi nyingine. Mtu akiniuliza kitu kwenye kundi ambacho jibu lake liko kwenye ubao, simjibu kwa maelezo. Namtumia kiungo cha kadi. Baada ya wiki mbili tatu watu huanza kutazama ubao kwanza.

Kadi iandikwe ili mgeni aielewe

Kadi yenye kichwa "Malipo" haisemi lolote. "Tengeneza stakabadhi ya malipo ya awamu, inayochapika kwenye karatasi ya A4" inasema kazi ni nini na ikiisha itaonekanaje. Nataka kila kadi iwe na mhusika mmoja, hata kama wanaosaidia ni watatu, kwa sababu kadi ya wote ni kadi isiyo na mwenyewe. Iwe na tarehe. Iwe na sentensi moja au mbili za kueleza "imekamilika" maana yake nini. Na kama inategemea kazi nyingine, ziunganishwe hapo hapo ndani ya programu, siyo kichwani mwa mratibu.

Kazi ikizidi siku tatu, igawe. Kadi ya wiki mbili hukaa "inafanyika" wiki mbili bila kukuambia chochote, kisha siku ya mwisho ndipo unagundua ilikwama tangu siku ya pili.

Safu chache, na kuwe na safu ya mkwamo

Ubao tunaoutumia una safu tano: Zinasubiri, Zinafanyika, Zimekwama, Zinakaguliwa, Zimekamilika. Wazo la kadi zinazosogea limetoka viwanda vya Toyota, ambako Taiichi Ohno alilijenga baada ya vita kuu ya pili ya dunia. Neno kanban kwa Kijapani ni bango au alama. Kule kadi iliambatana na vifaa vyenyewe, kwa hiyo haikuwezekana isogee bila mzigo kusogea. Kwetu kadi inaishi kwenye skrini na kazi inaishi kwingine, na pengo hilo ndilo linalozaa uongo. Lazima mtu aizibe nafasi hiyo kwa mkono wake, kila siku.

Mtu mmoja asiwe na kadi zaidi ya mbili kwenye "Zinafanyika". Anayeonekana anafanya sita, kwa kweli anafanya moja na tano zimelala.

Asilimia nimezifuta kabisa. "Imefika asilimia 90" niliisikia kwa mtu yule yule Jumatatu tatu mfululizo, na hakuwa mwongo. Ile sehemu ya mwisho ndiyo ilikuwa ngumu. Siku hizi nauliza: kimebaki nini, na kitachukua siku ngapi? Majibu ya maswali hayo mawili yanaweza kupangiwa kazi. Asilimia haipangiki.

Anayefanya ndiye anayesasisha, na anasasisha hali inapobadilika

Nilipoanza, nilikuwa nawapitia wenzangu mmoja mmoja kila Ijumaa, nawauliza, kisha najaza mwenyewe. Ubao ulipendeza Ijumaa jioni. Jumatano ulikuwa umeshaoza. Zaidi ya hapo, watu walijifunza kwamba ubao ni wa mratibu, si wao.

Sasa tuna nyakati mbili tu za lazima. Ya kwanza ni pale hali inapobadilika: umeanza, umekwama, umemaliza, tarehe imesogea. Ya pili ni dakika tano za mwisho kabla ya kufunga kazi. Maoni yanayoandikwa kwenye kadi yajibu mambo matatu: nini kimebadilika, nini kinazuia, nani anatakiwa afanye nini na lini. Linganisha haya mawili:

"Bado naendelea nayo."

"Stakabadhi ya awamu ya kwanza na ya pili zinachapika. Ya tatu inatoa salio lisilo sahihi pale mwanafunzi alipolipa zaidi. Nahitaji mhasibu wa mteja athibitishe ziada inahamishiwa wapi, kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Nisipopata jibu, majaribio yatasogea siku moja."

La pili linaandikwa kwa dakika mbili, na linamfanya mtu asipigiwe simu tatu.

Kikao cha asubuhi hakizidi dakika 15, na ubao uwe wazi mbele ya kila mtu. Tunaanzia kulia, yaani kwenye kadi zilizo karibu kukamilika, tunarudi kushoto. Tunauliza kadi inahitaji nini ili isogee, hatuulizi mtu jana alishinda akifanya nini. Kadi ikiwa na habari tofauti na anachosema mwenyewe, inarekebishwa pale pale akiwa bado anazungumza.

Ijumaa nimeibakiza kwa ufagio. Programu nyingi za kazi hii, ziwe Jira, Asana au Trello, zinakuruhusu kuchuja kadi. Mimi nachuja mara tatu: zilizopita tarehe, zisizo na mhusika, na zisizoguswa kwa siku saba. Kwa kila moja namwandikia mwenyewe swali kwenye kadi. Sibadilishi hali ya kazi ya mtu kwa niaba yake.

Tarehe nazo zisisogezwe kimyakimya. Hifadhi mpango wa awali kama mlivyoukubali, ili muone mmeuacha wapi. Tarehe ikibadilika, iandikwe sababu, na atajwe mwenye kazi inayofuata. Kimya cha siku mbili kwenye kadi yako kinaweza kuwa wiki kwa aliye mbele yako.

Kwa nini watu hawasasishi

Hapa ndipo miongozo mingi hupita haraka, wakati kwangu ndipo penye uzito wote. Watu wengi hawaachi kusasisha kwa uvivu. Wanaacha kwa woga.

Nilifanya kazi mahali ambapo kadi ikiwekwa "Imekwama", mwenye kadi aliitwa ofisini akaulizwa kwa nini, kwa sauti ambayo wote tuliisikia. Ndani ya mwezi mmoja safu ya mkwamo ilibaki tupu. Bosi akafurahi, akasema tumeimarika. Tulikuwa tumejifunza kunyamaza. Mradi ule ulitangazwa uko salama mpaka wiki mbili kabla ya makabidhiano, kisha kwa siku moja ukawa umechelewa kwa miezi.

Kijana mmoja niliyemsimamia baadaye alikuja kwangu akiwa na kazi iliyomshinda siku sita. Nilimuuliza kwa nini hakuisogeza kwenye mkwamo. Akasema, "Dada, nilidhani ukiiona pale utajua siwezi." Sentensi ile ilinibadilisha. Tangu hapo, kadi ya kwanza kuwekwa "Imekwama" kwenye kila mradi huwa ni yangu, na sitafuti ya kubuni, maana mratibu hakosi kitu kilichomshinda. Mtu akisogeza yake, jibu langu la kwanza huwa, "Asante kwa kusema mapema. Nani akusaidie?" Swali la sababu linakuja baadaye, tukiwa wawili, na mara nyingi sababu si yeye bali ni maelezo yaliyokosekana.

Kama wewe ndiye kiongozi, chunga uso wako siku habari mbaya inapofika. Wenzako wanasoma uso huo kabla ya kuamua kesho waandike nini.

Kupeleka habari kwa mteja na wakubwa

Usiwape ubao mzima wenye kadi mia. Wape muhtasari wa mistari mitano unaotokana na ubao ule ule, siku ile ile ya wiki: kilichokamilika, kinachofuata, kilichokwama, uamuzi unaohitajika kutoka kwao, na tarehe ya makabidhiano kama ilivyo leo. Tarehe ikisogea, itangulie kila kitu. Mteja aliyeambiwa wiki tatu mapema anapanga upya mambo yake. Aliyeambiwa siku ya mwisho amekosewa heshima, na ana haki ya kukasirika.

Arifa nazo zipunguze. Mtu anayepokea arifa 80 kwa siku ameacha kuzisoma. Mtaje anayetakiwa kutenda, si kundi zima.

Programu yenyewe nayo isizeeke

Kusasisha habari ni nusu ya kazi. Kama mnatumia huduma iliyo kwenye seva, yaani kompyuta zinazoiendesha, za kampuni inayoitengeneza, matoleo mapya huja yenyewe. Jukumu lenu ni kusoma maelezo ya mabadiliko na kuhakiki kanuni mlizozijenga za kusogeza kadi au kutuma arifa zenyewe, kwa sababu hizo zinaweza kuacha kufanya kazi bila kupiga kelele.

Kama mnaiendesha kwenye seva yenu, fanyeni kwa mpangilio huu. Chukueni nakala rudufu, kisha ijaribuni kwa kuirejesha kwenye mashine nyingine. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu. Sakinisheni toleo jipya kwenye mashine hiyo ya majaribio kwanza, mkikagua kila programu-jalizi, yaani programu ndogo mliyoongeza juu yake, kama inakubaliana nalo. Tangazeni muda wa kuzima huduma siku mbili kabla, na msichague wiki ya makabidhiano. Marekebisho ya usalama hayasubiri. Vipengele vipya vinaweza kusubiri mwezi.

Fuatilieni pia mwisho wa msaada wa toleo mnalotumia. Oktoba 2020 Atlassian, kampuni inayotengeneza Jira, ilitangaza kwamba ingeacha kuhudumia Jira ya aina ya Server, ile ambayo wateja huiendesha kwenye seva zao, na msaada ukakoma rasmi tarehe 15 Februari 2024. Waliosikia mwanzoni walikuwa na zaidi ya miaka mitatu ya kuhama taratibu, pamoja na historia ya kazi zao. Anayesubiri miezi ya mwisho huhamisha kwa pupa, na maoni ya kwenye kadi, yale yanayoeleza kwa nini jambo liliamuliwa hivyo, ni rahisi kupotea njiani.

Mwisho, mtu anapoondoka kwenye mradi, akaunti yake isifungwe kabla ya kadi zake kupata mwenyewe mpya. Sisi tunakaa naye nusu saa, tunapitia kadi moja moja, anaandika kwenye kila moja alikofika na anachokihofia. Kisha anamtaja anayempokea, na huyo anajibu pale pale kwamba ameipokea.