Kufundisha watoto teknolojia bila kompyuta hata moja

Ukiuliza darasa la gredi ya 4 hapa Nairobi teknolojia ni nini, karibu wote watakwambia simu, tableti, kompyuta. Usiwakosoe, waambie tu kesho kila mtu aje amechora kitu kimoja kinachorahisisha kazi na hakina skrini. Na tafadhali usiulize nani ana nini kwao, kuna mtoto ataumia, sema "kitu ulichowahi kuona".

Mimi huanza na jiko la makaa. Tafuta mawili, la bati tupu na lile lenye udongo ndani (hili lilianza kuenea Kenya miaka ya 1980), usiyawashe, waache washike, wachungulie ule mlango wa hewa huko chini, wahesabu matundu. Halafu uliza, huu udongo ni wa nini? Ukishauliza nyamaza, hapo ndipo walimu wengi tunaharibu, tunajibu wenyewe. Kuna msichana mmoja aliniambia "ticha, ni sweta ya moto", na ni kweli kabisa, udongo unazuia joto lisipotelee kwa bati, makaa yanakaa zaidi na mama hanunui mengine upesi. Wakumbushe pia mafundi wa jua kali pale Kamukunji ndio wanagonga hayo mabati, watoto wengi hudhani teknolojia lazima itoke ng'ambo.

Siku ya pili ingia kwa stima. Andika ubaoni tokeni ya kubuni (ile namba unayobonyeza kwa mita ukishalipia stima), tarakimu 20, mmoja awe mita, mwingine asome, wa tatu abonyeze vitufe vya karatasi. Akikosea moja tu mita inasema "nimekataa!" na wanaanza upya, hapo wanaelewa mashine haikisii unachotaka, inafuata kile umebonyeza. Wakiuliza stima yenyewe inatoka wapi, waambie sehemu kubwa ni mvuke wa ardhini kule Olkaria, karibu na Naivasha.

M-Pesa usikae nayo sana, wanaijua, sisitiza tu kwamba PIN haiambiwi mtu. Ila wape homuweki waulize shosho ama mzazi pesa zilikuwa zinafika vipi ushago kabla ya 2007. Watarudi na hadithi za bahasha iliyopewa kondakta wa basi, kwa hivyo tenga kipindi kizima, dakika 35, kila mtoto apate kusimulia ya kwao.