Lenzi mbili zinatosha: jinsi ya kuchagua lenzi za safari na picha za familia likizoni

Kila shule zikikaribia kufungwa, mwezi wa 6 na wa 12, napata meseji zilezile, "kaka tunaenda Zanzibar na watoto, kamera ninayo, ninunue lenzi gani?" na wengi wanakuwa wameshaambiwa na mtu dukani wachukue ile ndefu ya kuvuta mbali. Mimi napiga picha za familia Dar na Unguja, na ya kwangu mwenyewe naipiga kila likizo, na kitu kimoja nataka ukishike kabla hatujaanza: lenzi ya likizo inachaguliwa kwa nafasi utakayosimama na idadi ya watu watakaokuwa mbele yako. Swali la inavuta mbali kiasi gani linakuja mwisho kabisa, na mara nyingi halifiki.

Hatua ya 1: Fungua picha za safari iliyopita

Usinunue kitu bado. Chukua picha zako 50 au 60 za likizo iliyopita, zile ulizozipenda tu, ufungue maelezo ya kila picha uangalie imepigwa kwa milimita ngapi (mm, namba ya lenzi: ikiwa ndogo inaona pana, ikiwa kubwa inavuta mbali). Kama una lenzi iliyokuja na kamera, ile 18-55, utaona picha zako zimejazana sehemu mbili, nyingi zipo 18 maana ulikuwa karibu na watu ukahangaika waenee, na nyingine zipo 55 maana ulitaka sura ya mtoto ukavuta mpaka mwisho. Andika pembeni. Kama picha zako nzuri karibu zote ziko kati ya 24 na 50 basi hiyo hela ya lenzi ya 300 ibaki mfukoni, itakulipia boti.

Hatua ya 2: Jua sensa yako

Hapa napita haraka. Kamera nyingi za watu wa kawaida ni kropu, sensa yake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ni ndogo kuliko fulu fremu (sensa kubwa, sawa na filamu ya zamani), kwa hiyo kila lenzi inaonekana imevuta zaidi: kwa Canon zidisha kwa 1.6, kwa Nikon, Sony na Fujifilm zidisha kwa 1.5. Maana yake 50mm kwenye kropu ya Nikon inaona kama 75mm ya fulu fremu. Hivyo mtu akikwambia "50 ndo lenzi ya kila kitu" muulize kwanza anatumia kamera gani, kwenye fulu fremu ana hoja, kwenye kropu 50 ni lenzi ya sura za watu na ndani ya nyumba itakubana. Namba nitakazotaja kuanzia hapa ni za kropu.

Hatua ya 3: Pima kwa miguu

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo yenye maana kuliko zote. Weka lenzi yako ya 18-55 kwenye 35, bandika kipande cha selotepu isisogee, toka uani simamisha watu wa nyumbani, rudi nyuma mpaka wote waenee kuanzia kichwani hadi miguuni na nafasi kidogo pembeni, kisha hesabu hatua ulizorudi. Fanya tena kwenye 50.

Utakachokiona ni hiki. Mtu mmoja mzima, kamera umeisimamisha wima, 50mm inataka kama mita 4 na nusu. Watu 9 wamesimama mstari mmoja, upana kama mita 4 na nusu, 50mm inakutaka urudi karibu mita 10. Sasa nikupeleke Mji Mkongwe. Kuna familia moja nilikuwa nayo, bibi, watoto wake na wajukuu, watu 9, wakaupenda mlango mmoja wa nakshi wenye misumari ya shaba, bibi akasema hapahapa, na kichochoro chenyewe ukinyoosha mikono miwili unakaribia kugusa kuta zote. Nina 50 kwenye kamera. Narudi nyuma hatua ya kwanza, ya pili, mgongo umeshagusa ukuta na kwenye fremu nina watu 3. Nikabadilisha nikaweka 18, wakaenea kwa kubanana lakini shangazi aliyekaa pembeni kabisa kichwa kikavutika kama yai na mkono ukawa mnene kuliko ulivyo, na hiyo sio picha ya kumpa mtu mzima aiweke sebuleni. Tukampiga bibi peke yake na mlango wake, picha nzuri sana ile, halafu wote tukashuka Forodhani kwenye uwazi nikawapanga mistari miwili, wazee wamekaa vijana wamesimama, upana ukashuka mpaka kama mita 3, na 35mm ikawachukua wote nikiwa mita 5 tu.

Na shida ile ya shangazi wala sio ubovu wa lenzi. Sura ya mtu inaharibika kwa sababu umemsogelea sana, na pembeni mwa lenzi pana vitu vinanyooka. Ndo maana selfi ya simu inakuza pua, unaishika karibu na uso, na hata kamera kuu ya simu nyingi ni pana, kama 24 au 26 hivi kwa hesabu ya fulu fremu. Unayesafiri na simu peke yake, weka 2x, rudi nyuma hatua mbili tatu, sura zitatulia.

Hatua ya 4: Lenzi ya kwanza, ya kushinda kwenye kamera

Hii ni zumu ya kawaida, yaani lenzi inayoweza kuvuta na kurudi. Kama unayo 18-55 na ni nzima, baki nayo. Kama una hela ya kuongeza, chukua 18-135 ya Canon au 18-140 ya Nikon, kwa sababu ufukweni hutaki kubadilisha lenzi, upepo wa pwani unabeba mchanga laini kama unga na kamera ukiifungua mara moja tu hapo unaweza kurudi na madoa kwenye sensa. Kazi ya lenzi hii ni mchana: watoto wanakimbia majini, mko kwenye ngalawa, mnaangalia kobe wa kisiwa cha Changuu, kima punju wa Jozani. Jua lipo la kutosha kwa hiyo f/5.6 haikusumbui (f ni tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa na mwanga mwingi unaingia), weka spidi ya shata (muda kamera inaoufungua kupokea mwanga) 1/500 ya sekunde au ya haraka zaidi kwa mtoto anayekimbia.

Kuhusu kuvuta mbali, kwenye 135 mtu mzima mzima anakutaka usimame kama mita 12 na upepo wa Paje ukishika sauti haifiki, utapiga kelele "geukaa" na mtoto hasikii. Kwa picha za kuwaibia wakiwa wanacheza ni tamu sana. Kwa kuwapanga watu ni tabu.

Hatua ya 5: Lenzi ya pili, ndogo yenye f ndogo

Hapa ndo nakuomba uweke hela. Lenzi isiyo na zumu, f/1.8. Kwa Canon 50mm f/1.8 STM, iliyotoka 2015, ina gramu kama 160 tu, unaisahau kwenye pochi ya mama. Kwa Nikon ya kropu 35mm f/1.8G. Ukiniuliza moja tu kwa ajili ya familia nitakwambia 35, au kwa Canon ya kropu ile 24mm f/2.8 STM nyembamba, kwa sababu inakaa mezani mkila na inaenea chumbani. 50 chukua kama unapenda zaidi sura, mtu mmoja au wawili, nyuma kumefifia.

Kwa nini f ndogo? Sisi tuko karibu na ikweta, jua likizama giza linaingia chap, nusu saa umeshapoteza mwanga. Usiku Forodhani kwenye taa za wauza urojo na mishikaki, lenzi ya f/5.6 inaweza kukudai ISO (jinsi kamera inavyoukuza mwanga) ya 6400 na picha inakuja na chengachenga, wakati f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi, yaani ISO 640 na hapo sura ya mtoto inatoka safi, unaona hadi pilipili iliyobaki mdomoni.

Lakini sikia, f/1.8 sio ya kundi. 50mm kwenye f/1.8 mtu akiwa mita 2 sehemu iliyo kwenye fokasi, yaani inayotoka safi bila kufifia, ni kama sentimita 11 tu, baba akiwa amesimama nyuma ya mama nusu hatua tayari macho yake yamefifia. Mtu mmoja f/2 au f/2.2, wawili watatu f/4, mistari miwili f/5.6 mpaka f/8. Nimeona watu wanarudi nyumbani na picha 200 za familia kila moja ina mtu mmoja tu anayeonekana vizuri, inauma jamani, maana bibi huwezi kumrudisha Nungwi upige tena.

Hatua ya 6: Ukinunua ya mtumba

Mimi karibu lenzi zangu zote ni za mtumba na sioni tatizo, ila kagua hivi. Washa tochi ya simu, pitisha mwanga kutokea nyuma ya lenzi huku ukiangalia kwa mbele ukiinamisha kidogo. Vumbi dogo sio kesi. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui au mizizi myembamba, hiyo ni fangasi, lenzi zilizokaa pwani kwenye unyevu zinapata sana, iache hata kama bei ni nzuri. Kisha ifunge kwenye kamera yako wewe, sio ya muuzaji, piga kitu cha karibu na cha mbali usikie fokasi inakwenda yenyewe, zungusha zumu kama inakwama.

Na wenye Nikon hapa mtulie. Kamera za D3000 na D5000, yaani kina D3200, D3500, D5300, D5600, hazina mota ya fokasi ndani. Lenzi ya zamani yenye herufi D, mfano 50mm f/1.8D, inaingia vizuri na picha inapiga ila fokasi uzungushe mwenyewe kwa mkono. Mimi niliuziwa hiyo kwenye duka fulani miaka ya mwanzo, sikuambiwa, nikaenda nayo kwenye harusi ya dada yangu na kila aliyetembea alitoka na ukungu. Tafuta iliyoandikwa AF-S, hiyo ina mota yake ndani. Wenye Canon mpya za R mtahitaji adapta kufunga lenzi za EF, zile za kamera za Canon za zamani, ipigie hesabu mapema.

Hatua ya 7: Panga lenzi kwa sehemu na saa

Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, jua linachomoza baharini, kwa hiyo picha za familia ni asubuhi saa 12 na nusu mpaka saa 2, na maji yakitoka yanaenda mbali sana mnapata uwanja mkubwa wa mchanga mweupe, hapo 50 inatamba maana nafasi ya kurudi nyuma ni yote. Nungwi na Kendwa ni za machweo, anza saa 11 jioni na 35 kwa kundi. Saa 6 mchana jua liko utosini na macho yanakuwa mashimo meusi, ingieni chini ya paa la makuti, kaeni ukingoni mwa kivuli na nyuso zielekee nje.

Jua likiwa nyuma yao ivishe lenzi hudi, ile kofia ya mbele ya kuzuia jua, na kamera ukiiachia yenyewe itaona mchanga mweupe na anga itafanya nyuso zetu kuwa nyeusi tii kama hazina macho. Ongeza mwangaza +1. Anga ikiungua kidogo acha iungue, umekuja kupiga watu.

Hatua ya 8: Kiyoyozi, mchanga, chumvi

Ukilala chumba cha kiyoyozi halafu asubuhi ukatoka moja kwa moja na kamera, lenzi inajaa ukungu hapohapo na jua linachomoza unaliangalia tu. Itoe uiweke bafuni au barazani nusu saa kabla, ikiwa ndani ya begi limefungwa, ipate joto taratibu. Kwenye boti ukikaa juu nje marasharasha ya maji chumvi yanafika mpaka kwenye kioo, usifute kikavu, puliza kwanza, kisha kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Vile vipakiti vya silika vya kwenye viatu vipya usitupe, weka kwenye begi.

Hatua ya 9: Na wewe uingie

Kwenye albamu nyingi ninazoletewa, mwenye kamera hayumo, na mara nyingi ni mama. Kwa hiyo kila siku moja ya safari weka 35, f/5.6, shata 1/250, ISO iache yenyewe, fokasi yenyewe, simama pale utakapopiga na uchore mstari mchangani kwa kisigino. Mpe shemeji au yule kijana wa hotelini, mwambie asimame kwenye mstari asizumu chochote, abonyeze mara 10. Kisha nenda ukakae katikati ya wanao.