Konea isiyo sawa: lensi huchaguliwa juu ya jicho lako

Mwezi mwandamo ndio ulionistua. Tulikuwa tumesimama kiwanjani Jang'ombe, mjini Unguja, baada ya magharibi, tunautafuta mwezi wa Ramadhani. Wenzangu waliuona mmoja, mwembamba. Mimi niliona mitatu, imepandana, kila mmoja na mkia wake, na miwani mpya niko nayo usoni. Kazi yangu ni kushona kofia za viua, zile zinazotariziwa vitundu, na tayari vile vitundu vilikuwa vinanichezea. Daktari alipopima umbo la konea, kile kioo cha mbele ya jicho, alikuta imekuwa nyembamba na imechongoka kama koni. Maradhi hayo huitwa keratokonasi.

Nilianza vibaya. Nilinunua lensi laini, za kuvaliwa juu ya jicho lenyewe, kwa namba za miwani yangu, na aliyeniuzia hakupima umbo la jicho hata mara moja. Lensi laini ya kawaida hulala juu ya konea kama shuka juu ya godoro lenye mabonde: mabonde yanabaki vile vile. Zipo laini zilizotengenezwa nene kwa ajili ya macho yetu, na konea ikiwa imepinda kidogo zinaweza kutosha. Yangu ilikwishapita hapo.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, dai topografia, yaani ramani ya konea. Nyekundu ni pale palipoinuka sana, buluu ni palipo bapa. Kama wewe ni kijana au mzazi wa kijana, uliza pia kama maradhi bado yanaendelea, kwa sababu lensi inakupa kuona tu, haiyazuii. Kuyazuia kuna tiba yake ya kukaza konea kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, na hiyo haifai kucheleweshwa. Na tafadhali, acha kufikicha macho. Yakikuwasha, tafuta dawa ya mzio.

Sasa aina zenyewe. Lensi ndogo ngumu inayopitisha hewa ina upana wa milimita 9 au 10 hivi, na inaelea juu ya machozi. Machozi yanajaza mabonde, na mbele panabaki uso mmoja laini. Kuona kwake ni kuzuri sana, lakini siku za mwanzo utahisi kama ukope umekuingia, na vumbi la barabarani likipenya chini yake utalia. Wengine huvalishwa lensi laini chini yake iwe mto, na wengine hupewa mseto, ngumu katikati na laini pembeni.

Lensi kubwa ya sklera, mara nyingi milimita 15 na zaidi, inakaa juu ya weupe wa jicho na haiigusi konea kabisa. Mshona kofia analielewa hili haraka: kofia iliyokaa vyema inashika duara la kichwa, na juu inasimama bila ya kulala utosini. Ule uwazi unajazwa maji maalumu ya chumvi yasiyo na dawa ya kuhifadhi. Unaijaza, unainamisha uso mpaka uangalie chini, unaipandisha. Kikiingia kiputo cha hewa, toa uanze tena. Mimi wiki ya kwanza nilikuwa natumia nusu saa kila asubuhi.

Kujaribishwa ndiko kwenye uamuzi. Nilivuka Dar es Salaam kwa boti, nikabeba kofia yangu na sindano. Fundi wa lensi alitia rangi ya fluoresini, akamulika kwa taa ya buluu kuona wapi lensi inagusa. Ilionekana nzuri. Lakini lensi ya sklera huzama kadiri saa zinavyopita, basi nilikaa nayo kwa muda wa saa nne nikishona, na alipoangalia tena ilikuwa imeshaanza kugusa kilele cha konea. Akabadilisha, akaweka yenye kina zaidi. Ningeondoka mapema ningerudi nyumbani na lensi ya kunitia kovu. Basi omba ukae, na fanya kazi yako ukiwa nayo. Na macho mawili si lazima yavae aina moja: langu la kulia ni sklera, la kushoto ni ndogo.

Uliza bei ya lensi pamoja na maji yake na dawa ya kusafishia, kwa sababu hayo utanunua kila mara.

Maji ya bomba au kisima yasiiguse lensi kabisa, hata kuisuuza. Yanaweza kuwa na amiba inayokula konea. Wakati wa udhu fumba macho vizuri na ujifute kabla ya kuyafumbua. Ukienda kuoga pwani, zivue. Wanja upake baada ya kuvaa, nje ya kope, usiingize ndani. Usiku usilale nazo. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likikataa mwanga, vua na umwone daktari siku hiyo hiyo.

Miwani ya zamani usiitupe. Siku ya kupimwa upya lazima uende bila ya lensi, na ngumu huiminya konea ikapoteza umbo lake, kwa hiyo utaambiwa uzivue siku kadhaa kabla. Mimi safari hizo navuka na mwanangu, ananishika mkono kwenye ngazi ya boti.