Jinsi ya kusaga kiamsha rangi cha karatasi za NCR

Kwenye kitabu cha risiti cha NCR (karatasi zinazonakili bila kaboni), mgongo wa karatasi ya juu una vidonge vidogo mno vya mafuta yenye rangi isiyoonekana. Uso wa karatasi ya chini umepakwa kiamsha rangi, chenye tabia ya asidi. Kalamu ikipasua vidonge, mafuta yanakutana na kiamsha na maandishi ya bluu yanatokea. Mwongozo huu ni wa kiamsha tu. Nimeuandika baada ya kumwelekeza kijana wa maabara ambaye uji wake, yaani kiamsha kilichosagwa ndani ya maji, ulikuwa ukiganda kila mara.

1. Chagua kiamsha. Udongo uliotiwa asidi ni wa bei nafuu, lakini uji wake ni mzito. Rezini ya fenoli hugeuka manjano ikikaa kwenye mwanga. Mimi natumia rezini ya salisilati ya zinki, na sibishani na mtu.

2. Changanya kwa uzito: maji 57, kitawanyishi (poliakrilati ya sodiamu, huzuia chembe kushikana) 2, PVA (polivinili alkoholi) iliyokwisha yeyushwa 1, ukihesabu uzito wake ikiwa kavu, rezini ya unga 40. Rezini iingie mwisho, kidogo kidogo, na matone machache ya dawa ya kuzuia povu.

3. Saga kwenye kinu cha shanga. Tumia shanga za zirkonia za milimita 1 hivi. Za kioo ni nyepesi, zitakuchelewesha. Unataka chembe za mikroni 1 hadi 2.

Kazi nyingi huharibikia hapa, na mkosaji ni joto. Msuguano wa shanga hupasha uji, rezini inalainika, chembe zinanatana. Ukiona uji unazidi kuwa mzito, utashawishika kuongeza mwendo ili usagike. Usithubutu! Mwendo unaongeza joto, na chembe zilizonatana hazirudi kuwa ndogo. Pitisha maji ya barafu kwenye koti la kinu (ganda lake la nje la kupozea) tangu mwanzo, usisubiri kipimajoto kipande. Mimi sivuki nyuzi 30, na kinu kikipita hapo nakizima kabisa, kipoe. Chukua tone mara kwa mara, ulitazame kwa hadubini. Chembe zikipungua ukubwa kisha zikaanza kukua, simama. Ila uji unaweza kuwa mzito ukiwa bado baridi: kusaga kunazalisha uso mpya na kitawanyishi kimekwisha. Huo uongezee kitawanyishi kidogo, utaona unalegea palepale.

4. Chuja, pima pH. Ikae karibu na 8. Ikishuka chini ya 7 chembe huanza kugandana. Ukipandisha mno unaua nguvu ya kiamsha. Kuipandisha, tumia kostiki soda (hidroksidi ya sodiamu) iliyozimuliwa sana, tone kwa tone. Amonia siipendi, inashikana na zinki.

5. Ongeza kalsiamu kaboneti, kaolini na gundi ya lateksi, kisha paka karatasi.

6. Ikikauka, iwekee juu karatasi ya kwanza ya kitabu cha risiti, andika kwa nguvu. Bluu ikichelewa au ikiwa na madoadoa, rudi hatua ya 3 kabla ya kulaumu lateksi.