Texas Jumapili hakuna mzinga (chupa ya pombe kali), someni hii kabla hamjaita wakwe

Wale mko Texas na wale mnapanga kutembelea watu wenu Dallas ama Houston, hii ni yenu. Jumapili likastoo, yaani maduka ya pombe kali, zimefungwa, si eti zinachelewa kufungua, zimefungwa siku nzima, state yote. Siku zingine ni saa nne asubuhi hadi saa tatu usiku. Bia na waini utapata supamaketi hata Jumapili kuanzia saa nne, lakini wiski na vodka supamaketi za Texas haziuzi siku yoyote.

Sasa mtego wenyewe. Krismasi ama Mwaka Mpya ikiangukia Jumapili, likastoo zinafunga na Jumatatu pia. 2022 ilikuwa hivyo, zikafungwa Jumamosi saa tatu usiku mpaka Jumanne saa nne asubuhi, masaa 61, na sisi tulikuwa na wageni wa mahari hiyo Boxing Day. Wakwe walitoka Minneapolis, kwao likastoo ziliruhusiwa kufungua Jumapili tangu 2017 kwa hivyo walisema tu tutanunua tukifika, na mjomba yuko kwa simu kutoka Kondele, Kisumu, anasema hakuna maneno kabla aone mzinga mezani. Tulizunguka mji mzima, kila mlango umebandikwa karatasi, ndani unaona chupa zimepangwa na taa zinawaka. Mjomba akasema zungukeni nyuma mgonge. Mjomba, kwa heshima zote, huku hakuna mlango wa nyuma. Hayo ni ya Kisumu, tangu sheria ya pombe ya Kenya ya 2010, ile ya Mututho, ifanye baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi sisi tumezoea kuingilia jikoni, lakini huku mwenye duka akikuuzia anaweza kupoteza leseni, hata umuongezee pesa ngapi atakataa. Wazee walitutoza faini na tukalipa.

Narudia, Jumapili hakuna, na Krismasi ikiwa Jumapili hata Jumatatu hakuna. Thanksgiving pia wanafunga.

Halafu kuna mtu wetu alitupigia ati ana chupa kwa gereji, bei mara mbili. Msijaribu. Kuuza pombe bila leseni ni kesi, na kama makaratasi yako ya uhamiaji bado yanasukumwa hutaki kesi ya aina yoyote. Hata zile harambee za kusafirisha mwili, mnakodi holi mnauzia watu bia kwa kreti vile tunafanya nyumbani, huku lazima kibali, tafadhali msiwadanganye wafiwa.

Kusema ukweli hii sheria inaniudhi. Jumapili hiyo hiyo baa inakuuzia glasi za wiski, unakunywa halafu unashika usukani, lakini chupa ya kukaribisha wageni nyumbani kwako hapana. Hiyo inalinda nani? Ila nawaheshimu kwa kitu kimoja, tajiri na maskini wote wanaukuta mlango umefungwa.

Umri ni 21, beba pasipoti ama leseni ya state. Chupa iliyofunguliwa iweke kwa buti, ikipatikana kwa viti hata kama ni abiria ameshika, faini inafika dola 500. Na kuna sehemu za Texas wakazi walipiga kura pombe kali isiuzwe kabisa, kwa hivyo ukikodi holi nje ya mji uliza kwanza.

Krismasi itaangukia Jumapili tena 2033. Kwa wikendi zingine zote nunueni Ijumaa, na nyinyi wa nyumbani orodha ya vitu vya wazee itumeni katikati ya wiki, msingoje Jumapili mkitoka kanisani.