Ukitaka Mazoezi Yadumu, Panga Raha Kwanza

Watu wakiacha mazoezi, usiharakishe kuwaita wavivu. Mara nyingi walianza kwa kasi ya kukomoana. Mtu akihema hadi maneno hayatoki, raha huisha haraka, na kesho yake blanketi hushinda, hasa Mbeya au Njombe mwezi wa Julai.

Kipimo cha kasi ni mdomo: uweze kuongea sentensi nzima, ila kuimba wimbo mzima kukushinde. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo aliyefika juzi kutoka Dar es Salaam atembee tu siku za mwanzo, wala asione aibu.

Vilima vyetu ni faida ukivipanga. Tembea tambarare dakika 5 hadi 10 mwili upate joto, panda dakika 10, kisha rudi ukishuka. Ugumu ukitangulia na mwisho ukawa mwepesi, mtu huondoka na kumbukumbu nzuri ya zoezi zima. Mteremko utembee, usiukimbie: mapaja ndiyo yanayofunga breki, na asiyezoea huumwa misuli kesho na keshokutwa.

Kwa kundi, hakuna kinachoshinda mchakamchaka. Mwimbishaji akae katikati, si mbele, na mistari iwe mifupi. Kiitikio kikianza kufifia huko nyuma, punguzeni mwendo. Hao wa nyuma ndio mtakaowakosa Jumamosi ijayo. Wasiopenda kukimbia wacheze rede, netiboli au ngoma. Vyote vinahesabika katika zile dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima kama kiwango cha chini.

Baridi nayo isiwe adhabu. Nguo mbili nyepesi ni bora kuliko sweta moja zito. Ya juu ifunge kiunoni kabla jasho halijailowesha, maana utaihitaji ukisimama. Na nani kasema lazima alfajiri? Saa kumi na moja jioni inafaa vilevile.

Kila ukimaliza, jipe alama 1 hadi 5 za ulivyojisikia, si za umbali. Ukipata 2 mara mbili mfululizo, badili kitu kimoja tu: kasi, saa, njia au mwenza. Ukibadili vyote kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa kinakera. Anza na kasi, ndiyo mkosaji wa kawaida.