Somo: Ereba, mkate wa muhogo wa Wagarifuna (soma hadi mwisho ndipo uulize)

Kila ikikaribia Novemba 19, siku Wagarifuna (watu wenye asili ya Afrika na ya wenyeji wa visiwa vya Karibi) wanapoadhimisha kufika kwao pwani ya Belize, nchi ya Amerika ya Kati, swali ni lilelile: ereba ni ya unga gani? Hakuna unga. Ni muhogo mbichi, na kwa desturi ni ule mchungu.

1. Menya, osha.

2. Ukune muhogo uwe laini. Wenyewe hutumia egi, ubao uliopachikwa vijiwe vikali, na wanawake hukuna pamoja wakiimba.

3. Kamua. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Machicha hushindiliwa ndani ya ruguma, mfuko mrefu wa kusukwa, kama kifumbu kilichorefushwa. Juu hutundikwa kwenye boriti, chini hupitishwa mti wenye uzito. Ruguma ikivutika hubana na kukamua yenyewe. Iache usiku kucha. Maji yake yana sayanaidi: usionje, usimwage wanapopita kuku na mbuzi. Ukikatiza, mkate utanata na sumu itabaki. Fumba machicha kiganjani: yashikane, lakini mkono usilowe.

4. Chekecha, tupa nyuzi na mabonge.

5. Pasha budari, yaani bamba la chuma, hadi lishike moto. Bila mafuta, bila maji. Wanga wa muhogo ndio unaoshikanisha. Tandaza nyembamba, kandamiza kwa kibao, fagia chenga za juu, sawazisha kingo, geuza. Pikia nje, maana hata mvuke wake una sumu.

6. Anika juani. Ukikauka vizuri hukaa miezi.

MASWALI

Chapchap: Unga wa dukani je?
– Ndugu, nimejibu pale juu. Hapana.

Chapchap: Nimekamua kwa mkono, umenata.
– Hatua ya 3.

Bi Mkunazi: Kwetu mchungu tunauvundika siku kadhaa. Wao mbona hawavundiki? Na ruguma sina.
– Ahsante dada, swali zuri. Kukuna kunapasua muhogo, sumu inatoka na maji, inayosalia inaondoka kwa moto. Kuvundika nako kunaitoa, ila polepole na kwa kuchachusha. Huna ruguma? Gunia safi la katani chini ya mawe mazito, na uanze na muhogo mtamu.

Bi Mkunazi: Huliwa na nini?
– Mchuzi wa samaki wa tui, uitwao sere. Mchuzi huohuo huliwa na hudut: ndizi za mzuzu, mbichi nyingi na mbivu chache, zichemshwe na kutwangwa. Mbivu zikizidi hudut inalegea. Chovya mchi majini kila mara, usinate.